Ndege ilipita mwisho wa nyasi: ni breki, ni mvua, au ni rubani?

Msomaji, muuguzi wa kaskazini mwa Tanzania, ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Mwezi uliopita tulikuwa tunakwenda kliniki ya mkoba kwa Cessna 206, rubani na sisi wanne, pamoja na masanduku ya chanjo. Tuliondoka Arusha mapema, tukatua saa moja na nusu asubuhi kwenye kiwanja cha nyasi cha mita 1,000. Usiku mvua ilinyesha. Magurudumu yaligusa, rubani akakanyaga breki, lakini ndege ikawa inateleza kama mtu mwenye ndala kwenye sakafu ya sabuni. Ikapita mwisho wa kiwanja hatua kama sitini, gurudumu la mbele likaingia mtaroni, pua ikachimba udongo. Mlango wa nyuma uligoma, tukatoka wote kwa mlango wa rubani. Mimi nimevunjika mtulinga, wenzangu wana michubuko tu. Rubani anasema ni nyasi zilizolowa. Fundi anasema breki ni nzima kabisa. Wanakijiji wanasema ndege ilikuja kwa kasi kuliko siku zote. Nani anasema kweli? Na je, nipande tena? Na nikimwandikia mchunguzi, nitamharibia kijana kazi?"

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Mtulinga ni mfupa mdogo lakini ukivunjika hata kupiga chafya ni adhabu. Nashukuru pia kwamba uliponipa namba ya simu tuliongea, maana mambo matatu uliyonieleza kwa mdomo hayamo kwenye barua na ndiyo yaliyonifungua macho. Nilikuuliza moshi wa boma ulikuwa unaelekea wapi, ukasema ulikuwa umelala kuelekea mtoni, kulekule mlikokuwa mnakwenda. Nilikuuliza kama mlizunguka juu ya kiwanja kabla ya kutua, ukasema hapana, mliingia moja kwa moja. Na nilikuuliza magurudumu yaligusa mkiwa wapi, ukasema kibanda cha mlinzi kilishawapita. Kibanda hicho, kwa maelezo yako, kiko theluthi moja ya kiwanja.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba wote watatu wanasema kweli. Breki zilikuwa nzima, nyasi ziliteleza, na ndege ilikuja kwa kasi. Kazi iliyobaki ni kuonyesha jinsi kweli hizi tatu zinavyokaa pamoja, na kwa nini naamini ajali yenu ilishaanza dakika mbili tatu kabla gurudumu halijagusa jani hata moja.

Nianze na wanakijiji, kwa sababu ndio huwa wanapuuzwa. Rubani akikuapia kwamba alikuja na mwendo uleule wa siku zote, mwamini. Kipima mwendo cha ndege hakiitazami ardhi. Kinapima msukumo wa hewa inayoingia kwenye kijibomba chini ya bawa, na hiyo ndiyo hewa inayoibeba ndege, basi rubani anaifuata hiyo. Tuseme kilisoma kilomita 130 kwa saa, mwendo wa kawaida wa Cessna 206 inapokaribia kutua. Kiwanja chenu kiko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, na ili kijibomba kipate msukumo uleule, ndege inabidi ikate hewa kwa kilomita 143 hivi kwa saa. Sasa ongeza upepo unaosukuma kutoka mgongoni, kilomita 12 tu kwa saa, upepo wa kuyumbisha majani na kulaza moshi wa boma. Ardhi inapita chini yenu kwa kilomita 155 kwa saa. Siku nyingine zote ndege zinatua zikitokea upande wa mto, zikielekea upepo, na kilomita 12 zilezile zinapunguzwa badala ya kuongezwa: 131. Tofauti ni kilomita 24 kwa saa. Mchungaji aliyesimama kando ya kiwanja, aliyezoea kuona ndege ikitua kila wiki, anaiona tofauti hiyo bila kifaa chochote. Rubani ndani, macho yake kwenye kipimo, haioni.

Na kasi haihesabiwi kwa kujumlisha tu. Nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza inapanda kwa mraba wa mwendo. Kutoka 131 hadi 155 ni ongezeko la chini ya humusi moja, lakini mzigo wa kusimamisha unaongezeka kwa asilimia 40.

Sasa nyasi. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu watu wengi, na marubani wamo, wanasema "kiwanja cha nyasi" kana kwamba nyasi ni kitu kimoja.

Siku ukirudi pale, chuma majani machache ya zile nyasi fupi za katikati ya kiwanja, zinazoliwa na mbuzi kila siku mpaka zimebaki urefu wa kucha. Yachume asubuhi na umande wake. Yasugue kwa kidole gumba. Utahisi maji kwanza, halafu ute wa kijani. Ute huo ndio ulikuwa kati ya mpira wa gurudumu na ardhi. Nyasi ndefu zikilowa zinateleza, lakini angalau zinalikamata gurudumu na kulikokota. Zile fupi za kijani, juu ya ardhi ngumu, hazikokoti kitu na wala hazimwachi mpira ufike kwenye udongo ung'ate. Mtu anaangalia kiwanja kilichokatwa vizuri, kinang'aa kama zulia, anasema hapa ni pazuri. Kikiwa kikavu, ni pazuri kweli. Kikilowa, hakuna kibaya kuliko hicho.

Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uingereza, nchi yenye mvua nyingi na viwanja vya nyasi vingi, imewawekea marubani wa ndege ndogo vipimo vya kuzidishia. Umbali wa kutua ulioandikwa kwenye kitabu cha ndege ni wa lami kavu. Kwenye nyasi kavu, ongeza asilimia 15. Zikiwa zimelowa, asilimia 35. Zikiwa fupi sana na zimelowa, wanaonya kwamba ongezeko linaweza kufika asilimia 60. Umande unahesabika kuwa maji, hauhitaji mvua.

Basi chukua kalamu tufanye hesabu ya asubuhi ile. Kitabu cha Cessna 206 ya kisasa, ikiwa na uzito wake kamili wa kilo 1,633, kinasema inahitaji mita 425 kutoka kwenye kimo cha mita 15 hewani hadi kusimama. Hiyo ni kwenye usawa wa bahari, lami kavu tambarare, hakuna upepo, na rubani aliyefanya kila kitu sawasawa. Pandisha kiwanja hadi mita 1,500 na asubuhi ya nyuzi 15, inakuwa mita 569. Weka nyasi zilizolowa, 768. Weka ule upepo wa mgongoni, ambao kwa vipimo vya Waingereza unaongeza asilimia 20, inakuwa 922. Uliniambia kiwanja kinateremka kuelekea mtoni. Tukisema kila mita 100 kinashuka mita 2, ongeza asilimia 10. Jumla ni mita 1,014.

Kiwanja kina mita 1,000.

Ona kwamba katika hesabu hiyo sijaweka kosa lolote la mkono wa rubani. Sijaweka kwamba mligusa mkiwa mmeshapita theluthi. Ndege ikiruka juu ya mwanzo wa kiwanja ikiwa mita 15 zaidi ya inavyotakiwa, kwa mteremko wa kawaida wa kutua itakwenda kugusa karibu mita 300 mbele. Ikiwa na upepo nyuma, inaelea zaidi, haitaki kukaa chini. Na kumbuka kwamba katika zile mita 425 za kitabu, 224 tu ndizo za magurudumu kukimbia ardhini. Zilizobaki, karibu nusu ya safari yote, zinaliwa hewani, mahali ambapo breki haina kazi yoyote.

Inawezekana mlikuwa wepesi kidogo kuliko uzito kamili, maana mafuta ya kutoka Arusha yalishaungua. Uzito ukipungua kwa asilimia 10, umbali nao unapungua karibu asilimia 10. Sawa, tupunguze. Lakini Waingereza haohao wanashauri kwamba ukimaliza hesabu yote, zidisha tena kwa 1.43, kwa sababu matairi si mapya, rubani si yule wa majaribio aliyeirusha kiwandani, na kiwanja hakijapimwa kwa kamba. Kiwanja chenu kikiwa kikavu na hakuna upepo wala mteremko, hesabu ya uzito kamili inatoa mita 935. Kinatosha. Kikilowa tu, bila upepo, bila mteremko, inatoa karibu 1,100. Hakitoshi. Asubuhi ile, kwa karatasi na kalamu, jibu lilikuwa linajulikana tangu Arusha, kama kuna mtu angejua kwamba usiku mvua ilinyesha.

Kuhusu breki sina mengi. Fundi yuko sawa. Breki za Cessna 206 ziko kwenye magurudumu mawili makuu, la mbele halina. Rubani anazikanyaga kwa ncha za miguu. Kwenye ute ule, ukikanyaga kwa nguvu gurudumu linasimama kuzunguka na kuanza kuburuzika, na gurudumu linaloburuzika linashika kidogo kuliko linalozunguka. Alama zake utazijua: tairi lililozunguka linalaza majani yakiwa mazima, yote yameelekea upande mmoja. Tairi lililofungwa na breki linayachana na kuacha ukanda wa udongo mwembamba, na lenyewe linabaki na bapa moja lililosuguliwa. Kama kuna aliyepiga picha za kiwanja kabla mvua nyingine haijaja, zitunzeni. Kwa picha hizo mchunguzi anaweza kusema breki zilianza kufanya kazi wapi, hata bila kumuuliza mtu. Vilevile mikato ya propela kwenye udongo wa mtaro: umbali kati ya mkato na mkato unaeleza ndege ilikuwa na kasi gani na injini ilikuwa inazunguka vipi. Ardhi huandika vizuri, ikiachwa bila kukanyagwa.

Sasa nifike mahali panaponigusa zaidi. Kwa nini rubani mzuri, na kwa unavyomweleza ni kijana makini, aliingia moja kwa moja, upepo ukiwa mgongoni, akateremka na mteremko, kwenye nyasi zilizolowa?

Kwa sababu akina mama walikuwa wanamsubiri. Uliniambia mwenyewe kwamba watoto walikuwa wameshapangwa chini ya mgunga tangu alfajiri, wengine wametembea saa tatu. Chanjo zilikuwa kwenye barafu. Mkitokea Arusha, kuingia moja kwa moja kunaokoa dakika tano na mafuta yake. Soksi ya upepo pale imebaki nguzo, kitambaa kilishachanika. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo kwa peke yake ni uzembe. Huja kimyakimya, moja baada ya nyingine, kila moja ikila mita zake, na hakuna taa yoyote inayowaka kwenye dashibodi kusema mita zimeisha.

Nimewahi kuwa rubani huyo. Miaka mingi iliyopita nilikwenda kumchukua mama aliyekuwa na uchungu wa siku ya pili, kiwanja kifupi, umande mtupu, jua halijachomoza vizuri. Nilijua niko juu kidogo na nina kasi kidogo. Nilijiambia breki zitamaliza. Ndege ilisimama hatua tatu kabla ya kichuguu kilichoshinda urefu wa mtu. Nilizima injini, nikakaa, nikasikia maji yanadondoka kutoka kwenye bawa kwenda kwenye nyasi. Yule mama alifika hospitali na mtoto akazaliwa, na hakuna aliyeniuliza kitu. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba ningeweza kuendelea miaka kumi nikifanya vilevile na kudhani ni ustadi.

Tangu siku hiyo kila mwanafunzi wangu namfundisha kuchagua alama kabla hajatua. Mti, kibanda, pipa, chochote kilicho kwenye theluthi ya kwanza ya kiwanja. Magurudumu yasipokuwa chini kufikia alama hiyo, mkono unasukuma mpini wa injini mpaka mwisho, na ndege inapaa tena kwenda kujaribu upya. Hakuna mjadala, hakuna kusema labda. Kibanda cha mlinzi kingekuwa alama safi sana. Wakati kilipowapita mkiwa bado mnaelea, kulikuwa na nguvu za kutosha kupaa. Sekunde nane baadaye, mkiwa ardhini na breki zimekanyagwa, kujaribu kupaa kungekuwa kubaya kuliko mtaro. Kwa hiyo simlaumu kwamba alipofika huko aling'ang'ania breki. Penye kuamua palikuwa nyuma, kwenye kibanda, na kabla ya hapo, kwenye moshi wa boma.

Kuhusu mlango. Uliandika kwa mstari mmoja tu, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba mlango wa nyuma "uligoma" na mkatoka wote kwa mlango wa rubani. Mwanangu, hilo si dogo. Cessna 206 ina mlango mmoja wa mbele, upande wa kushoto kwa rubani, na mlango mkubwa wa mizigo wenye mbao mbili upande wa kulia nyuma. Vile vibawa vinavyoteremshwa nyuma ya bawa wakati wa kutua vikiwa chini, vinaziba ubao wa mbele wa mlango ule. Unafunguka upana wa kiganja, unakwama. Hapakuwa na kitu kilichoharibika. Ndivyo ilivyoundwa, na watu wamepoteza maisha duniani, hasa kwenye ndege za majini zilizopinduka, kwa sababu hawakuijua siri yake. Siri yenyewe ni hii: sukuma ubao wa mbele mpaka unapokwamia, ingiza mkono kwenye uwazi huo, tafuta mpini ulio kwenye ukingo wa ubao wa nyuma, uzungushe kuelekea mbele, kisha usukume ubao wa nyuma kwa nguvu mpaka ufunguke wote. Maelekezo yamebandikwa pale mlangoni, lakini moshi ukiwa umejaa ndani hakuna anayesoma. Kabla ya safari yako ijayo, ndege ikiwa imeegeshwa, mwombe rubani ateremshe vibawa vile na ujaribu kwa mikono yako, ukiwa umefumba macho. Mara mbili. Mfundishe na mwenzako anayekaa kiti cha nyuma.

Na mtulinga wako. Mkanda wa begani ndio uliokuvunja, na nauombea heri mkanda huo. Ndege inaposimama kwa ghafla kiasi kile, kichwa kinakwenda mbele kutafuta chuma, na mkanda unapokea mzigo wote kwenye mfupa huo mmoja ulio mwembamba. Mfupa unaunga kwa wiki kadhaa. Lakini niliposikia sanduku moja la chanjo lilikutwa mbele, karibu na usukani, nilinyamaza kidogo kwenye simu. Sanduku la kilo 20, ndege ikisimama kwa nguvu mara tisa ya mvutano wa dunia, linakwenda mbele kama kitu cha kilo 180. Lilipita kati ya vichwa vyenu. Masanduku yafungwe kwa neti au kamba kwenye pete zilizo sakafuni, na wewe ndiye uangalie, kwa sababu ni mzigo wako na uko nyuma yako.

Umeniuliza pia, mwishoni kabisa, kama ukimwandikia mchunguzi utamharibia kijana kazi. Kanuni za kimataifa za uchunguzi wa ajali za ndege, zilizo kwenye Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago na zinazotumika tangu 1951, zinasema lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kutafuta wa kumlaumu. Tanzania imo kwenye mkataba huo; uchunguzi unafanywa na wachunguzi walio chini ya wizara yenye dhamana ya uchukuzi, na leseni za marubani ziko mikononi mwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Hizo ni meza mbili tofauti, na kuna sababu. Andika ulichokiona: moshi, kibanda, mlango, sanduku, sauti ya injini, mlikaa vipi. Usiandike ulichoambiwa. Na uandike leo, kabla hamjakutana tena na wenzako kusimuliana, kwa sababu kumbukumbu za watu watano waliokaa pamoja mara kumi zinageuka kuwa moja, na mara nyingi si ile iliyo sahihi. Kama moshi wako usingeandikwa, ripoti ingebaki na nyasi zilizolowa, na mwaka ujao mwingine angeingia kwa njia ileile.

Je, upande tena? Ndiyo, panda. Viwanja hivi vya nyasi ndivyo vilivyobeba afya ya watu wa mbali katika nchi zetu tangu madaktari warukao walipoanzisha kazi yao Nairobi mwaka 1957, na mashirika ya misheni yanavitumia mpaka leo, kwetu na huko mashariki mwa Kongo ambako barabara hakuna kabisa. Kuweka lami kila kijiji hakutatokea katika umri wangu, na sidhani katika wako. Ila usipande kama mzigo. Wewe ndiye unayekijua kiwanja kile kuliko rubani yeyote, na mhudumu wa afya mnayemwacha pale anakijua kuliko wewe.

Mfundisheni yeye. Saa kumi na mbili asubuhi, siku ya safari, atembee kiwanja chote mwanzo hadi mwisho. Akanyage kwa kisigino kila baada ya hatua hamsini: kikizama, hapatui ndege. Udongo wenu mweusi ule, unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka, unaweza kuwa mgumu kama saruji Jumatatu na kumeza gurudumu Jumatano, basi asitegemee alichoona juzi. Atazame mashimo mapya ya ngiri. Avue viatu: miguu ikilowa, nyasi zimelowa, hata kama mawingu hayapo. Aangalie moshi umelalia wapi. Pale kwenye kibanda cha mlinzi apange mawe manne yaliyopakwa chokaa, kila upande mawili, rubani ayaone kutoka juu. Na ile soksi ya upepo, tafuteni kitambaa imara cha rangi ya machungwa, mama mmoja mwenye cherehani ataishona kwa nusu saa. Upande mmoja mpana, mwingine mwembamba, na mdomo ukae wazi kwa waya.

Halafu apige simu au atume ujumbe kabla injini haijawashwa Arusha. Usiwe mrefu. Kwa mfano: "Mvua usiku. Kisigino hakizami. Nyasi fupi, zimelowa. Moshi unaelekea mtoni. Ng'ombe hawapo." Kwa maneno hayo kumi na mawili rubani anaifanya ile hesabu yetu yote akiwa bado na kikombe cha chai mkononi, na jibu analoweza kurudisha ni hili: "Tunakuja saa nne na nusu, jua likishakausha, na tutaingia kwa upande wa mto. Waambie akina mama wapate uji kwanza."